Kuku au bata mzinga: ulinganisho kwa mwenye ploti ndogo Nairobi

Ploti ya futi hamsini kwa mia hapa Ruai haina siri. Nyumba imechukua nusu, tangi la maji na kamba za nguo robo, na kilichobaki kule nyuma, kati ya jikoni na ukuta wa jirani, ndicho cha kufugia. Hapo nimefuga kuku miaka minane na bata mzinga miaka mitano, na haupiti mwezi kabla mtu wa chama, wa kanisani au wa kwenye matatu hajaniuliza: nianze na nani?

Nitajibu kwanza, kisha nieleze. Kama hujawahi kutotoa mayai wala kulea vifaranga, anza na kuku. Kama umeshakaa na kuku mwaka mmoja au miwili, unajua kusoma kinyesi asubuhi na unaamka usiku kuangalia joto bila kusukumwa, bata mzinga atakulipa vizuri zaidi, ndege kwa ndege. Na kama unawataka wote wawili katika ploti moja, inawezekana, ila udongo wao usiwe mmoja. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa machozi, na nitalieleza kwa urefu.

Kuhusu sheria: Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kilimo cha mjini tangu 2015, inayotambua ufugaji na kilimo ndani ya jiji na kuuwekea masharti. Wapangaji na wenye nyumba za estate wasome pia masharti ya estate yao kabla ya kupigilia msumari wa kwanza. Mara nyingi anayekuletea shida si askari wa kaunti, ni jirani aliyechoshwa na harufu.

Yai lenyewe

Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21, la bata mzinga kwa siku 28. Joto ni moja, kati ya nyuzi 37.5 na 37.8 kwa mashine yenye feni. Unyevu nao haupishani sana: asilimia 50 hadi 55 mwanzoni, kisha 65 hadi 70 katika siku tatu za mwisho. Siku hizo tatu ndizo unaacha kugeuza mayai na kufunga mfuniko usiufungue tena, yaani kuanzia siku ya 18 kwa kuku na siku ya 25 kwa bata mzinga. Kwa hiyo tofauti kubwa ni ile wiki moja, na wiki moja Nairobi ni siku saba zaidi za kuomba stima isipotee.

Tofauti nyingine iko kwa mtagaji. Tembe wa kienyeji huanza kutaga akiwa na miezi mitano au sita, hutaga mayai 10 hadi 15, kisha hulalia. Kuku chotara wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, na wale chotara waitwao kuroila hutaga zaidi sana kwa mwaka, lakini wengi wao kulalia hawakujui. Jike wa bata mzinga usimtarajie kabla ya miezi saba, na akitunzwa vizuri hutaga kati ya mayai 60 na 100 kwa mwaka, tena kwa misimu. Kila yai lake lina thamani, ndiyo maana lile lisilo na mbegu huuma.

Jogoo mmoja anatosha majike kumi. Dume wa bata mzinga mpe watano, au wanane akiwa kijana mwenye nguvu. Ni mzito mno, na kucha zake humchana jike mgongoni hadi nyama ionekane, kwa hiyo mkate kucha kabla ya msimu wa kupandana. Wengi hawajui kwamba jike wa bata mzinga akishapandwa huhifadhi mbegu mwilini na kuendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa wiki kadhaa, muda mrefu kuliko kuku, ambaye ni kama wiki mbili tatu hivi. Ukinunua jike aliyekuwa na dume, mayai yake ya mwanzo yakusanye, usiyakaange.

Mayai ya kutotoa, ya ndege yeyote kati ya hao, yasizidi siku saba, ncha nyembamba ikiangalia chini, mahali penye ubaridi wa kawaida na si ndani ya friji. Na usiyaoshe. Yai limeumbwa na utando wake unaozuia vijidudu kupenya kwenye vitundu vya ganda, na ukilisugua kwa maji umeuondoa.

Koo au mashine

Kwa kuku, koo wa kienyeji ndiye mashine ya bei nafuu kuliko zote. Mpe mayai 10 hadi 12, kiota cha nyasi kavu kilichonyunyiziwa majivu kuzuia utitiri, na maji karibu. Atashuka mara moja kwa siku, ale, anywe, aende haja, aoge vumbi, kisha arudi. Umeme ukipotea yeye hajali. Ninachokuomba ni ukague kiota kila jioni. Utitiri ukizidi, koo ataacha mayai siku ya 15 na hutamlaumu. Ukiishi pande za Karen au Dagoretti, kwenye miti na unyevu, pakaza grisi au mafuta machafu ya gari kwenye miguu ya banda, maana siafu wakiingia usiku hawamwachi koo wala vifaranga.

Jike wa bata mzinga hulalia vizuri kuliko kuku, hadi mayai 15 au zaidi, na hapo ndipo penye hatari yake. Hushikilia kiota mpaka akasahau kula. Wa kwangu wa kwanza alikonda hadi mfupa wa kifua ukawa kama kisu. Sasa namnyanyua mwenyewe kila siku saa nne asubuhi, namweka mbele ya chakula, nasimama hapo mpaka ale.

Mashine nayo ina faida moja ambayo koo hana: kifaranga anayetoka humo hajawahi kukanyaga udongo wala kugusa mnyoo. Shika neno hilo, tutarudi kwake.

Ukinunua mashine, iwe ya dukani au ya fundi wa Kamukunji, usiamini kipimajoto chake siku ya kwanza. Vitabu vya ng'ambo hufundisha kukipima kwa maji yanayochemka, lakini Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na maji yetu huchemka karibu nyuzi 95, si 100. Ukikirekebisha kwa sufuria ya jikoni utakuwa umekosea nyuzi tano. Nunua kipimajoto cha homa kwenye duka la dawa, kile cha dijitali, kiweke sambamba na mayai na ulinganishe. Kimetengenezwa kupima hasa kati ya nyuzi 35 na 42, ndilo joto tunalolitaka. Pia acha matundu ya hewa wazi zaidi kadiri siku za kuangua zinavyokaribia. Hewa ya huku juu ni nyembamba, na kifaranga ndani ya ganda anavuta pumzi kama sisi.

Stima ikipotea, usifungue mashine kuchungulia. Ifunike blanketi, acha tundu la hewa, na zungushia chupa za maji moto nje. Baridi ya saa mbili tatu huchelewesha tu. Joto ndilo linaloua: likifika 40 na kukaa hapo, utakuwa umepika. Nimeona watu wakiweka jiko la makaa karibu na mashine kwa huruma, wakapoteza trei nzima.

Siku ya nane kagua mayai uone yapi yana mbegu: zima taa za chumba, washa tochi ya simu, ziba kwa mkono uache tundu dogo, na ukalishe yai juu yake upande mnene. Yai la kuku la rangi ya maziwa litakuonyesha mishipa myekundu imetanda kama miguu ya buibui, na katikati kidoa kinachocheza. La bata mzinga lina ganda gumu zaidi lenye madoadoa ya kahawia, kwa hiyo usiharakishe kulitupa. Likiwa na shaka mpe hadi siku ya 10. Lililo angavu kama balbu halikuwa na mbegu. Lenye duara jekundu bila mishipa lilikufa mapema. Yatoe yote mawili kabla hayajawa viza, maana yai viza likipasuka ndani ya mashine huyachafua mengine yote.

Wiki sita za kwanza

Hapa ndipo kuku anapomshinda bata mzinga waziwazi, na ndipo anayeanza hupotezea fedha.

Kifaranga wa kuku huzaliwa akijua kazi. Mtoe kwenye mashine akiwa amekauka, mchovye mdomo kwenye maji mara moja, na baada ya saa moja anadonoa chini. Joto la bruda, yaani mahali pa kulelea vifaranga penye joto, lianze nyuzi 32 hadi 35, ushushe nyuzi tatu hivi kila wiki, na kufikia wiki ya nne au ya tano, kama si Julai, anaweza kulala bila taa.

Kifaranga wa bata mzinga anataka joto zaidi, nyuzi 35 hadi 37 wiki ya kwanza, na anataka kufundishwa. Atasimama kando ya chakula akilia kwa njaa bila kujua kwamba kile ni chakula. Siku tatu za mwanzo anaishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni, nawe unaweza kudhani yuko sawa. Siku ya nne na ya tano ndizo wanazokufa, tumbo tupu, chakula kikiwa mbele yao. Wanavutwa na kitu kinachong'aa na rangi ya kijani, kwa hiyo weka gololi safi za kioo kwenye maji ili wazidonoe na kulowesha mdomo, na nyunyizia chakula majani ya mchicha yaliyokatwa laini pamoja na yai la kuchemsha lililopondwa. Wengi hapa Nairobi huongeza thabai, yale majani yanayowasha, iliyochomwa kidogo kwa maji moto. Mimi pia hufanya hivyo, na hula kwa pupa.

Dawa iliyo bora kuliko gololi ni mwalimu. Weka vifaranga wawili watatu wa kuku katikati ya kumi wa bata mzinga. Kuku akidonoa, nao wanadonoa. Akikimbilia maji, wanamfuata. Ndani ya siku moja wote wamejua. Ili wazaliwe siku moja, anza mayai ya bata mzinga, kisha ongeza ya kuku siku saba baadaye kwenye mashine ile ile. Siku ya kuacha kugeuza inawaangukia wote pamoja, hakuna hesabu ya ziada.

Sakafu usiweke gazeti. Linateleza, na miguu ya bata mzinga hupanuka pande mbili asiweze kusimama tena. Weka gunia safi siku za mwanzo, kisha maranda ya mbao makavu.

Udongo mmoja

Mwaka wa pili wa bata mzinga niliona nimepata njia rahisi. Nilikuwa na koo mmoja mwekundu, mlezi wa ajabu, nikamwekea mayai manane ya bata mzinga, nikamwongezea moja la tisa kwa tamaa. Yote tisa yalianguliwa. Aliwatembeza uani akichakura, akiwaita kwa ile sauti yake ya chini, nao walikuwa wakubwa kuliko watoto wowote aliowahi kulea. Niliwapiga picha nikawatumia dada zangu. Wiki za mwanzo hakufa hata mmoja.

Wakiwa na wiki tisa, mmoja alisimama kando, mabawa yameshuka, macho nusu. Nilidhani ni baridi. Kesho yake nikakuta kinyesi cha rangi ya bizari, njano ya kung'aa, kikiwa na povu. Nikatoa dawa ya kuhara damu niliyokuwa nayo. Haikusaidia. Ndani ya siku 12 nilikuwa nimezika saba.

Daktari wa mifugo alikuja, akampasua wa saba mbele yangu juu ya gunia. Ini lilikuwa limejaa madoa ya mviringo, kila doa limebonyea katikati kama alama ya kulengea shabaha. Ile mifuko miwili ya mwisho wa utumbo ilikuwa imevimba na ndani kuna kitu kigumu kama jibini. Nikamuuliza mbona kuku ni wazima, na wanakula uwanja huo huo?

"Mama, kuku wako wazima, na hapo ndipo ilipo shida," akasema. "Wao wanaubeba, hawa wanakufa nao."

Ugonjwa huo huitwa kichwa cheusi, ingawa wangu hakuna aliyegeuka rangi kichwani. Unaletwa na kijidudu kiitwacho histomonasi, ambacho husafiri ndani ya mayai ya mnyoo mdogo anayeishi kwenye utumbo wa kuku. Kuku humbeba mnyoo huyo bila kuonyesha lolote. Anapokunya, mayai hubaki ardhini, na yanaweza kukaa humo miaka yakiwa hai. Nyungunyungu huyala, bata mzinga humla nyungunyungu. Udongo wetu wa Ruai ni ule mweusi wa pamba, unaoshika maji wiki nzima baada ya mvua, na nyungunyungu hawakosekani. Dawa zilizokuwa zikitibu ugonjwa huo zimeondolewa sokoni katika nchi nyingi, kwa hiyo kinga ndiyo tiba.

Hebu sasa rudi kwenye lile neno la kifaranga wa mashine. Walimu ninaowaweka kwenye bruda wametoka kwenye mashine moja na bata mzinga, wamekanyaga maranda safi tu, hawana mnyoo wa kumpa mtu. Koo wangu mwekundu alikuwa na uwanja mzima ndani ya tumbo lake. Ndiyo sababu siwaambii tena watu wampe koo mayai ya bata mzinga, hata kama bibi zetu walifanya hivyo kwenye mashamba makubwa wakafaulu. Walikuwa na ekari. Sisi tuna mita chache nyuma ya jikoni.

Walimu wenyewe nawatoa wiki ya tatu, kabla hawajaanza kutoka nje. Bata mzinga wangu sasa wanaishi juu ya sakafu ya vipande vya mbao vilivyoachana kidogo, mita moja kutoka ardhini, kinyesi kinapita chini. Kuku wanabaki upande wa pili wa uzio wa waya. Nina viatu vya mpira jozi mbili, moja kwa kila upande, na kuku hupata dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu. Ukipanga kufuga bata mzinga kwenye ardhi iliyokuwa na kuku mwaka jana, hesabu kwamba kuku bado wako hapo.

Chakula, na jambo la mahindi yaliyooza

Kifaranga wa kuku hukua vizuri kwa chakula chenye protini ya asilimia 18 hadi 20, na mfuko huo uko kila agroveti. Wa bata mzinga anataka 26 hadi 28 katika wiki zake za mwanzo, na mfuko wa namna hiyo ni adimu. Wengi wetu tunanunua chakula cha kuanzia cha broila, chenye kama 22, tukaongeza yai, unga wa omena na soya iliyokaangwa.

Kabla hujanunua, geuza mfuko usome lebo. Baadhi ya vyakula vya broila hutiwa dawa ya kuzuia kuhara damu inayoitwa salinomaisini. Kuku hana shida nayo, bata mzinga hulegea miguu na kufa. Kama lebo haisemi kilichomo, muulize mwuzaji, na asipojua nenda duka lingine.

Jingine ni sumukuvu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua, mpaka ikagunduliwa kwamba walilishwa mashudu ya karanga yaliyoingia kuvu, kutoka Brazili. Kwa vifo hivyo ndivyo wanasayansi walivyoitambua aflatoksini, sumu ile ile iliyoua watu 125 hapa kwetu mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Bata mzinga huathirika upesi kuliko kuku. Yale mahindi ya kubahatisha, yaliyotolewa kwenye gunia kwa sababu hayafai ugali, watu husema "peleka kwa kuku". Kuku usimpe, kwa sababu mayai yake unayala wewe. Bata mzinga ukimpa umemuua.

Akishakua, bata mzinga hula sana lakini hula majani pia, sukuma wiki iliyozeeka, nyasi, maganda ya ndizi. Kuku wa kutaga anakula kama gramu 120 kwa siku. Bata mzinga mkubwa hula mara mbili au tatu ya hizo, na dume zaidi.

Chanjo, nafasi, kelele

Kideri huua wote wawili, kwa hiyo chanjo yake haina mjadala: wiki ya kwanza, tena wiki ya tatu au ya nne, kisha kila miezi mitatu kwa wanaotembea nje. Ndui nao huwapata wote. Ugonjwa wa Gumboro ni mzigo wa kuku, na chanjo yake huanza kati ya siku ya 10 na ya 14. Muulize daktari wa wadi yako ratiba ya mahali ulipo. Ukiichanganya chanjo kwenye maji, usitumie maji ya mfereji moja kwa moja, kwa sababu klorini huiua. Yaache kwenye beseni wazi usiku kucha, au tumia ya mvua. Kuna jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka: chanjo ya ugonjwa wa Marek, unaopoozesha kuku miguu, hutengenezwa kwa kirusi kilichotoka kwa bata mzinga, na kirusi hicho hakimdhuru kuku.

Nafasi: kuku wanne au watano kwa mita moja ya mraba ndani ya banda, bata mzinga mmoja kwa mita hiyo hiyo. Paa la bata mzinga liwe la kutosha mtu kusimama, na uzio uwe mrefu, maana jike mwepesi huruka juu ya ukuta na kulala kwa jirani. Mwewe huwachukua vifaranga wa wote wawili bila kubagua, hivyo wavu wa juu unahitajika mpaka wawe na wiki kumi.

Jogoo huwika alfajiri, na mtaa umemzoea. Dume wa bata mzinga hujibu honi, geti likifunguliwa, mtoto akicheka, hata radi. Kama chumba cha kulala cha jirani kinapakana na banda lako, zungumza naye kwanza, umpelekee na mayai.

Kuuza

Kuku anauzika siku yoyote. Jirani anataka wa Jumapili, mama wa kibanda anataka trei ya mayai, na ukikosa mtaani unapeleka Burma au Kariokor. Fedha ni ndogo ndogo lakini zinaingia kila wiki, na ukihitaji karo ya haraka unauza watatu leo leo.

Bata mzinga mmoja huuzwa kwa bei ya kuku kadhaa, lakini wanunuzi wake ni wachache na wengi hununua Desemba na Pasaka. Wenye hoteli wakitaka, wanataka kumi kwa mara moja, waliokwisha safishwa, wa uzito mmoja. Familia ya kawaida inapikia meko na haina jiko la kuoka, na dume wa kilo 10 haingii kwenye sufuria yoyote ya nyumbani. Mimi nilianza kuuza vizuri nilipokubali kumkata vipande na kuuza nusu au robo kwa oda ya WhatsApp ya watu wa kanisani. Tafuta wanunuzi wako Septemba, kabla hawajamwahidi mtu mwingine. Dume aliyepita Januari bila kuuzwa anakula faida yako kila asubuhi.

Kwa hiyo kalenda ndiyo inayoamua. Kwa kuku wa Krismasi, mayai yaingie mashineni karibu Juni 20, vifaranga watoke Julai 11, uwape joto zaidi kwa sababu ya baridi ya mwezi huo, na kufikia Desemba 10 wana miezi mitano. Kwa bata mzinga, ukingoja Juni umechelewa. Anataka miezi saba au minane kujaza kifua, na vifaranga wake hawawezi kabisa baridi ya Julai. Mayai yangu huingia Machi 1. Yanaanguliwa Machi 29, wiki sita za taa zinaisha kabla ya Mei kuwa katikati, na baridi inapoanza Juni tayari wana manyoya yao. Ya kuku, wale walimu wawili watatu, nayaingiza Machi 8, mayai sita, ili hata nusu yakiharibika nibaki na wa kutosha.